Mganga Niliyemtunga Mimi

Msemaji wa familia alisimama kando ya jeneza, uani kwa marehemu, mtaa wa Chemchem, akasoma wasifu kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano. Alitaja Uzaramo alikozaliwa Idrisa, akataja vyeo alivyoshika Dar es Salaam, akataja wake na watoto. Kisha akapandisha miwani, akasema kwamba marehemu ndiye aliyetunga mganga wa mchezo wa msafara, mchezo ambao wazee wa Tabora waliohudhuria pale bila shaka wanaukumbuka. Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nilikaa benchi la mbele, nikawahesabu kwa macho, na katika wote waliotikisa vichwa hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye mkeka tuliouchezea. Nimekuwa hakimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimewateremsha kizimbani mashahidi wengi waliofungua kinywa kwa neno “nilisikia”. Msemaji yule alikuwa hajazaliwa wakati mganga anatungwa. Alisikia. Aliyemwambia alisikia, na wa kwanza kabisa kulisema alikuwa amelala ndani ya jeneza, mbali na maswali yangu. Basi nitatoa ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake, na nitauanza mahali unapostahili kuanzia, katika nyumba ya Bi. Tausi.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Nilikuwa karani kijana wa mahakama, nimepanga chumba Isevya, kwenye nyumba ya udongo yenye bati jipya na ukumbi mrefu uliopita katikati kutoka barazani hadi uani. Chumba changu kilikuwa cha pili kushoto. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyoyumba, na dirisha lililotazama jiko, kwa hiyo nilijua chakula cha mchana kabla ya mtu mwingine yeyote. Chumba kilichoelekeana na changu alikaa Luhende, mchochea makaa wa reli, Msukuma mwenye kifua kama pipa, ambaye alirudi safarini na migebuka mikavu ya Kigoma iliyofungwa kwa kamba za miyaa, akaipa nyumba nzima harufu ya ziwa. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barazani na kioo kikubwa ukutani, alikaa Idrisa, karani wa ushirika na katibu wa vijana wa mtaa. Idrisa alikuwa mzuri wa sura na mzuri zaidi wa maneno. Alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, yaani watani. Babu zake na babu zangu walitukanana na kugawana chakula kwenye njia ile ile ya pwani, nasi tulirithi haki ya kufanya hivyo. Kwa haki hiyo alivaa shati langu jeupe Ijumaa bila kuomba, na mimi nikamnywea chai yake. Sikuona ubaya. Utani una mipaka kwa watu wenye mipaka.

Mchezo wenyewe ulikuwa mali ya Bi. Tausi, mwenye nyumba. Yeye alisema baba yake aliupokea kwa wapagazi wa Ujiji. Mimi sina ushahidi wa hilo, hivyo ninaliacha hapo. Nilichokiona ni mkeka mkubwa uliochorwa njia kwa masizi, kutoka Bagamoyo upande wa mlango mpaka Ujiji upande wa uani, na vituo katikati: Mpwapwa, Ugogo, Mgunda Mkali, Tura, Tabora yenyewe, Uvinza. Kila mchezaji alikuwa mtu katika msafara. Mmoja alikuwa kirangozi atanguliaye, mwingine mpagazi, mwingine askari, mwingine mganga, na aliishi na kusema kama mtu huyo mpaka mchezo uishe. Tulirusha simbi sita, zile kauri za pwani, ili kujua bahati. Kokwa za ukwaju zilikuwa maji: kila mtu alianza na zake, na kila kituo alikunywa moja; asiyekunywa alitozwa sehemu ya afya yake, na ikiisha alikufa. Bi. Tausi alikuwa mwenye njia. Hakuwa mtu katika msafara; alikuwa jua, simba, mtemi anayedai hongo, na mauti. Aliketi kwenye kigoda huku akibangua karanga, akasema, “Mmefika mtoni. Mto umejaa. Haya, wanaume, semeni,” nasi tukasema. Hapakuwa na mshindi mmoja. Ama msafara ulifika, ama ulikufa.

Tulicheza Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Bi. Tausi alitupikia matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, au wali wa maharage mwezi ukiwa mchanga, na tulikula pale pale kando ya mkeka, sahani moja ya watu watatu, tukibishana kuhusu Wagogo kama watu waliopita kwao jana.

Mganga niliyemkuta alikuwa si kitu. Mtu wa msafara akiugua, mganga alirusha simbi mara ya pili. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na kwa sababu hiyo aliachiwa mgeni au mtu mwenye usingizi. Mimi nilimchukua nikamjenga. Miezi kadhaa, jioni baada ya kazi, nilikaa kwenye meza yangu inayoyumba nikimtungia dawa, na kila dawa nikaipa sharti lake, kwa sababu niliona upuuzi mtu awe na uwezo usiomgharimu chochote. Dawa ya kufumba njia iliuficha msafara machoni pa maharamia, lakini aliyeitumia hakutakiwa kusema neno mpaka kituo kinachofuata. Sharti lilimhusu mchezaji mwenyewe, hapo ukumbini. Niliwahi kukaa bubu mchana mzima huku Luhende akinipigia magoti.

“Shikamoo, mganga. Mhola? Hasemi! Bi. Tausi, mpangaji wako amekufa, nipe chumba chake, kina dirisha.”

“Mwache mwanangu Petro,” akasema Bi. Tausi. “Akisema tu, nakupeni maharamia.”

Dawa ya kumfunga simba kinywa ilimkataza mganga nyama, na siku niliyoitumia palikuwa na kuku, jambo la nadra katika nyumba ile. Idrisa alinyoosha mkono akachukua paja langu, akalitafuna taratibu akinitazama. “Simba wamelala, mtani,” akasema. “Ahsante sana. Kesho wafunge tena.” Nyumba nzima ilicheka, mimi nikacheka pia. Na dawa ya mvua, kubwa kuliko zote, iliyoujaza maji kila kibuyu msafara ukiwa Ugogo, ilimkataza mganga kunywa mpaka msafara uingie Tura. Dawa ilimshikilia asife, ila hakunywa. Kwa hiyo alivuka Mgunda Mkali, nyika ile isiyo na kisima ambayo Bi. Tausi hakuruhusu dawa yoyote kuanzishwa ndani yake, akiwa na kokwa zake zote mkononi. Na kila mara maji ya wenzake yalipokwisha, walikunywa yake. Sikulipanga hilo. Niliweka sharti kwa ajili ya uzito wake. Faida yake tuliigundua tukiwa njiani. Idrisa alikunywa maji yale safari nyingi, asiulize hata siku moja yalitoka wapi.

Mvua za vuli zilipoanza, Idrisa alitangaza kwamba mganga anahitaji kurekebishwa. Alisimama barazani, kidole hewani, sisi watatu tukiwa ndiyo umma. “Ndugu zangu, tutazame ukweli. Mganga wa Petro ni bepari. Anahodhi dawa. Msafara mzima unamsubiri mtu mmoja aamue kama leo atanyamaza au ataacha nyama. Huu ni unyonyaji!”

“Aliyenyonywa paja la kuku ni nani?” nikamuuliza.

“Usibadili mada, mtani.”

Kanuni zake mpya zilikuwa hizi. Dawa zote ni mali ya msafara, na mganga ni mtumishi anayezitunza. Kutumia dawa kunaamuliwa kwa kura ya mikono. Masharti yamefutwa yote, kwa kuwa ni ushirikina wa kikabaila. Dawa zinarudi kila asubuhi, ila kila moja imepunguzwa nguvu: mvua haijazi kila kibuyu tena, inaongeza kokwa moja kwa mtu, njia haifumbwi, inatiwa ukungu tu. Na mali ya yeyote, pamoja na maji, msafara unaweza kuichukua kwa kura.

Nimewapima waganga hao wawili maisha yangu yote, na hakimu anayependelea upande wake afadhali avue joho. Wa kwanza alikuwa na makosa. Alikuwa mnyonge mwanzoni mwa safari na mkubwa kupita kiasi mwishoni, na mgeni aliyekabidhiwa mganga huyo alifia Mpwapwa akiwa bado anauliza anaruhusiwa kufanya nini. Aliwafanya wenzake wasubiri. Wa pili alikuwa na kazi kila asubuhi, hakumkalisha mtu bure, na hata Luhende, ambaye hakuwahi kuthubutu kushika mganga wangu, alimshika wa Idrisa akafurahi kama mtoto na ukungu wake. Hayo nayakubali. Lakini katika mganga wa pili hapakuwa na mtu. Nilipokuwa nikisema, “Nafumba njia,” watu waliacha kula, kwa kuwa kila mmoja alijua kinachofuata kitanipata mimi mwenyewe. Idrisa aliposema, “Wanaokubali ukungu?” mikono ilipanda na watu wakaendelea kula. Na jambo moja nililiona siku ile ile, kabla hajamaliza kusoma: kwamba kwa kufuta sharti la mvua alikuwa amefuta maji ya Mgunda Mkali. Nililiona nikanyamaza. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu aliyeibiwa kumwonyesha mwizi shimo.

Maana kufikia hapo nilikuwa nimejua kwamba ni wizi. Luhende aliniambia kwamba Idrisa amemwandikia afisa utamaduni wa mkoa kuhusu mchezo. Sikumwamini Luhende, kwa kuwa Luhende husema mengi. Nilimwendea Idrisa mwenyewe. Alikuwa akijinyoa mbele ya kioo chake.

“Umemwandikia afisa?”

“Nimemwandikia. Wanatafuta michezo ya jadi ya kupeleka Dar es Salaam. Aliyeutunga ataitwa aufundishe huko, na huenda akabaki ofisini kwao.”

“Na aliyeutunga ni nani?”

Akasuuza wembe. “Mchezo ni wa umma. Mganga ni wangu.”

“Dawa zile nilizitunga mimi. Zote.”

“Nami nimezifanyia marekebisho. Mtani, mbona umekunja uso? Si utani tu huu? Nikifika Dar nitakuletea shati.”

Tangu hapo sikuchukulia neno lake lolote kuwa utani. Nilitaka jambo moja: aseme, kwa kinywa chake, mbele ya yule afisa, kwamba mganga ni wangu. Sikutaka shati, wala Dar es Salaam sikuitaka sana.

Afisa alikuja Jumapili alasiri, mtu mnene mpole mwenye suti ya kaunda, akapewa kiti chenye mto na soda. Idrisa alishika mganga, mganga wake. Luhende alikuwa kirangozi. Mimi niliomba mpagazi, mtu wa chini kabisa mkekani, asiye na neno wala dawa. Safari ilikwenda vizuri na afisa alifurahi. Idrisa aliitisha kura kila baada ya hatua mbili, akamweleza mgeni kwamba huu ndio Ujamaa wenyewe, kwenye mkeka. Mpwapwa tulikunywa. Ugogo tulikunywa, mvua ikaongeza kokwa moja kwa kila mtu, wakazifurahia. Mimi sikunywa. Kila kituo niliirudisha kokwa yangu kiganjani kimyakimya, na kila kituo Bi. Tausi alinitoza sehemu ya afya yangu, kwa kuwa mpagazi hana dawa ya kumshikilia. Alinitazama mara moja tu kwa jicho la pembeni, akaendelea kubangua karanga.

“Mmeingia Mgunda Mkali,” akasema. “Jua la kwanza. Kunyweni.” Wakanywa. “Jua la pili. Kunyweni.” Wakanywa za mwisho. “Jua la tatu. Asiyekunywa hili hafiki.”

Luhende akatazama kiganja kitupu. “Bi. Tausi, Tura iko wapi?”

“Iko pale ilipokuwa siku zote. Mna kokwa?”

Idrisa akaitisha kura ya mvua. Mikono ikapanda. Bi. Tausi hakuinua hata macho. “Hapa dawa haianzishwi. Mgunda Mkali haupigi kura.” Afisa akacheka, akasogeza kiti mbele.

Ndipo Idrisa alipokumbuka kwamba zamani, mahali hapa, palikuwa na maji. Akageuka akanitazama, nikafungua kiganja. Kokwa zilikuwa zimejaa.

“Alhamdulillahi!” akasema. “Mpagazi wetu hodari! Toa, mtani, watu wanakufa.”

“Nitatoa,” nikasema. “Bei yake ni neno moja. Mwambie Bwana Afisa mganga ametungwa na nani.”

Nilimsikia kuku akiparura uani. Idrisa aliendelea kutabasamu. Alikuwa na nafasi. Neno lenyewe lingemchukua pumzi moja, na huenda afisa angetuchukua wote wawili. Akamgeukia afisa. “Huyu ni mtani wangu, bwana, Mnyamwezi, usimsikilize. Ndugu zangu! Kwa kanuni yetu, maji ni mali ya msafara. Wanaokubali yachukuliwe?”

Akainua mkono wake. Luhende akanitazama kwa huruma, naye akainua. Hata afisa, kwa furaha ya mchezo, akainua mkono wenye soda. Kura ilikuwa halali. Kanuni ilikuwa wazi. Nami nilikuwa mtu wa sheria tangu ujana. Kanuni ilisema msafara unaweza kuyachukua maji niliyo nayo. Haikusema ninakatazwa kunywa kabla mkono haujanifikia. Nikaweka kokwa zote kinywani. Nikazimeza moja baada ya moja, ngumu, kavu, huku nikimtazama usoni.

“Ametafuna?” akauliza afisa.

“Amemeza,” akasema Luhende. “Lo, Petro!”

Bi. Tausi akapangusa maganda ya karanga mapajani. “Mpagazi amekunywa. Mganga amekufa. Kirangozi amekufa. Mpagazi ameingia Tura peke yake.”

Afisa alicheka mpaka akafuta machozi. “Watani ninyi! Watani ninyi!” akarudia, na kicheko chake kiliniuma kuliko kokwa. Alipotulia alisema kwamba mchezo ule haufai kupelekwa popote, kwa kuwa unaishia kwa mchoyo mmoja kuishi na umma kufa. Hata hivyo, ufasaha wa Idrisa ulimpendeza. Haukupita muda mrefu Idrisa akaitwa Dar es Salaam bila mchezo, akaondoka kwa treni akiwa na shati langu. Bi. Tausi aliukunja mkeka jioni ile ile. Nilimfuata jikoni nikamwuliza tutacheza lini tena.

“Umeshinda, mwanangu,” akasema, akipuliza moto. “Sasa utacheza na nani?”

Hakuutandika tena kwa muda wote niliokaa kwake. Ilisikitisha, lakini sijawahi kuzitema kokwa zile moyoni. Ningezimeza tena kesho. Idrisa alipanda vyeo. Mara mbili nilimsikia redioni kwa masikio yangu akisimulia jinsi alivyomtunga mganga, na katika masimulizi hayo mganga alikuwa na masharti. Aliyafuta yalipokuwa yangu, akayarudisha alipoona hakuna wa kumhoji. Alipostaafu alirudi Tabora, akanunua nyumba Chemchem, nasi tukawa tunapishana sokoni. Aliniita mtani. Mimi nilimwitikia salamu kama ilivyo wajibu, na sikuongeza neno. Nilikuwa ninamsubiri aseme. Alikuwa na miaka ya kusema.

Sasa alikuwa jenezani na msemaji alikuwa amekunja karatasi yake. Walipolibeba jeneza kuelekea makaburini nilitangulia kwa fimbo yangu, nikasimama katikati ya njia. Mtani ana haki hiyo. Anaweza kuuzuia msiba wa mtani wake mpaka alipwe. Sikuwahi kuitumia haki hiyo kwa mtu yeyote.

“Hapiti,” nikasema. “Mwizi huyu hapiti. Mganga wa msafara nilimtunga mimi, Petro, nyumbani kwa Bi. Tausi, na huyu aliniibia. Msemaji amesema uongo mbele ya maiti. Aufute.”

Nililisema kwa sauti ile ile niliyosomea hukumu. Kwa nukta moja niliamini kwamba hatimaye nimesikilizwa. Kisha mzee mmoja akapiga kofi la paja. “Mtani wa Kinyamwezi huyo! Kazi imeanza!” Kicheko kikapita kwenye umati kama upepo kwenye mtama. Watu waliokuwa wakilia walifuta machozi wakacheka. Wakanitupia sarafu miguuni. Nikazisukuma kwa fimbo. “Sitaki fedha! Nataka neno!” Wakacheka zaidi. “Hodari! Hashuki bei!” Waliobeba jeneza walibadilishana mabega kwa uzito, na jua lilikuwa kali.

Mtoto mkubwa wa Idrisa akasogea mbele. Ana uso wa baba yake, ila macho yake yalikuwa mekundu. Akaweka mkono kifuani, akapaza sauti wote wamsikie.

“Haya, mtani wetu! Mganga ni wako! Ulimtunga wewe, mzee wetu alikuibia. Tumekubali mbele ya watu wote. Sasa tupishe tumzike baba.”

Lilikuwa ndilo neno lenyewe, kila kipande chake, mbele ya mashahidi wasiopungua msikiti mzima. Wakalishangilia. Kijana akanitazama kwa shukrani, kama mtu aliyetendewa wema mkubwa siku ya msiba wake, akanishika kiwiko nisijikwae kwenye sarafu.

Nikapisha.